Mama naye aulizwe

Mimi ni mhamasishaji wa afya hapa Nyarugusu. Nikifika nyumba yenye mtoto wa selimundu, ambayo wengi wetu tunaiita SS, nauliza: Anakunywa maji ya kutosha? Foliki asidi ipo? Analala ndani ya chandarua? Mama simuulizi kitu. Mmoja aliniambia hajalala siku tatu, mtoto analia mifupa, na mashemeji wanasema ugonjwa umetoka ukoo wake. Si kweli. Mtoto anaurithi kwa baba na mama, wote wawili, hata kama wao hawaumwi. Akina baba, njooni kliniki msikie wenyewe. Jirani, ukienda bombani mchukulie ndoo yake. Na mimi nimeanza kuuliza: mama, wewe umelalaje?