Kipya Kinyemi, Hata Mlango wa Kabati

Jumapili hii tuingie jikoni. Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliukumbuka msemo huo nilipomtembelea wifi yangu mjini Lodwar.

Wifi alikuwa amepokea zamu yake ya chama, akaamua kubadilisha milango ya kabati zake. Aliagiza Nairobi milango ya MDF iliyovikwa plastiki nyeupe, laini na yenye kung'aa. Majirani walikuja kuishangaa. Kabla ya mwaka kwisha, plastiki ya milango iliyo karibu na jiko ilikuwa imebanduka kama ganda la kitunguu.

"Wifi," akaniambia kwa huzuni, "karo ya mtoto ndiyo hiyo inayoning'inia mlangoni."

Tatizo ni joto. Plastiki hiyo hushikwa na gundi, na gundi hulegea ikipata moto. Lodwar, ambako nyuzi 35 za joto ni jambo la kawaida, ukiongeza jiko la makaa pembeni, unatarajia nini?

Je, achague nini sasa? Tulimwita seremala, tukakaa chini ya mti tukapima moja baada ya jingine.

Milango ya luva, yenye vibao vilivyolazwa, hupitisha hewa. Lakini panapopita hewa hupita na vumbi, na Lodwar haina upungufu wa vumbi. Hiyo inafaa kabati la viazi na vitunguu, si la sahani. Mlango wa wavu ni vivyo hivyo. Kioo kinapendeza, ila kitakudai kitambaa asubuhi na jioni.

Uliobaki ni mlango wa fremu na paneli ya mbao. Huu nao una masharti. Mbao ikitoka Kitale ambako kuna mvua, ikifika Turkana hukauka na kunywea. Ipange ndani ya nyumba kwa wiki kadhaa, ukitenganisha vipande kwa vijiti, kabla fundi hajaikata. Kisha paneli iingie katika mfuo wa fremu bila gundi, ili ipate nafasi ya kunywea bila kupasuka. Chagua paneli tambarare isiyo na nakshi, kwani kila nakshi ni kitanda cha vumbi. Na kabati likae juu ya kitako cha saruji ili mchwa wasilikaribie kwa urahisi.

Seremala alitaja pia mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kero hata ukatangazwa gugu hatari nchini mwaka 2008. Mbao zake ni ngumu na hazinywei sana. Ni kweli vipande vyake ni vifupi na vimepinda, lakini fremu ya mlango wa kabati haihitaji ubao mrefu. Muhimu ni kuondoa ule utepe mweupe wa nje, ambao wadudu huupenda.

Ukisafiri hadi Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, utajifunza jingine. Huko watu wamewahi kukunjua makopo ya mafuta ya msaada, wakayanyoosha kwa nyundo na kuyapigilia kwenye fremu, yakawa milango. Hakuna aliyeuliza mtindo. Waliuliza kama mlango utafunga.

Wifi hakuwa na fedha za kubadilisha yote. Alitengenezewa milango miwili tu, ile iliyo kando ya jiko. Iliyo mbali na moto bado ni mizima, akaiacha. Kabati la sufuria alilitundikia pazia la kitenge, ambalo hufuliwa kila Jumamosi. Karo ililipwa, ingawa kwa kuchelewa.

Basi, mama na baba watarajiwao kukarabati jiko, msianze na picha ya gazeti. Anzeni kwa kuuliza jua, vumbi na moto wa nyumba yenu vitasema nini. Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.