BWANA SHAMBA ANASEMA: Mshubiri umejaa kopo

Ndugu msomaji, angalia mshubiri wako ulio kwenye kopo pale barazani. Je, watoto wamejaa pembeni? Je, mmea umeanza kulala upande? Basi unataka kuhamishwa.

Kwanza tusemezane juu ya maji. Watu wengi wanaumwagilia mshubiri kila siku kama mchicha. Mshubiri unaweka maji yake ndani ya majani manene. Ukiuzidishia, mizizi inaoza. Majani ya chini yanalegea, kisha mmea unang'oka wenyewe.

Tafuta kopo kubwa kidogo kuliko la zamani. Sufuria iliyotoboka inafaa sana, usiitupe. Toboa matundu matatu au manne chini kwa msumari ili maji yasituame. Changanya udongo wa shambani na mchanga wa mtoni, nusu kwa nusu.

Lalisha kopo la zamani, gonga pembeni, utoe mmea. Kung'uta udongo taratibu. Sasa utawaona watoto vizuri. Chagua wenye urefu wa kidole cha kati au zaidi, wenye mizizi yao wenyewe. Watenge kwa mkono. Wakishikilia, kata kwa kisu safi. Wadogo waache kwa mama yao.

Usiwapande siku hiyo. Waweke kivulini siku mbili au tatu mpaka kidonda kikauke. Kisha wapande, lakini usimwagilie mpaka wiki moja ipite. Hapo ndipo wengi wanashindwa kuvumilia! Baadaye chomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu, mwagilia. Ukiwa na unyevu, uache.

Wengine hupanda jani. Jani la mshubiri halioti, linaoza.

Sasa neno juu ya kuku. Wengi wanaoomba watoto wa mshubiri wanataka kukatia majani kwenye maji ya kuku mdondo ukiingia kijijini. Ndugu, mdondo hauna dawa, na shubiri haiutibu. Kinga yake ni chanjo. Ipo ya matone: tone moja katika jicho moja la kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Inatolewa kuku wakiwa wazima. Wakianza kufa, umechelewa. Kwa hiyo mshubiri na ukae barazani, nawe wiki hii umwulize bwana mifugo siku ya chanjo. Nenda na jirani zako, maana chupa moja ya chanjo inatosha kuku wa nyumba nyingi.