Shule Ikituma Ujumbe, Nyumba Ijibu

Saa kumi na moja alfajiri, katikati ya Januari, baba yuko njiani kwenda zamu yake kiwandani. Simu inatetemeka mfukoni. Anaitazama mara moja, anaona Kiingereza na namba asiyoijua, anairudisha. Baadaye kidogo mwanawe wa miaka minane anasimama kituoni, mikono kwapani, barabara imeganda, na basi haliji. Halitakuja hivi karibuni, maana ule ujumbe ulisema kwamba kwa sababu ya barafu shule zote zitachelewa kufunguliwa kwa muda wa saa mbili. Watoto wa majirani bado wamelala.

Mambo ya namna hii yanatupata Des Moines, Grand Rapids, Dayton, Louisville, Boise, Abilene, Portland ya Maine, na kila mji wa Marekani tuliopelekwa baada ya kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Hakuna aliyekusudia ubaya. Wilaya ya shule ilitoa tangazo, na baba alikwenda kutafuta riziki. Lakini tangazo lisiloeleweka nyumbani halimkingi mtoto. Ndugu wazazi, mama zangu na baba zangu, wito wangu kwenu ni mmoja: tuhakikishe kila ujumbe wa shule unafika nyumbani kwa lugha tunayoielewa, na ukifika tuujibu.

Kambini habari zilipita kwa midomo. Kiongozi wa mtaa alizunguka na kipaza sauti, au mtoto alirudi na kusema, "Mwalimu anakuita." Hapa mambo ni mengine. Wilaya ya shule ni mamlaka kamili yenye bodi iliyochaguliwa na wananchi, bajeti yake, mabasi yake na wauguzi wake. Ile ya Jefferson County, kule Louisville, ina wanafunzi zaidi ya 90,000. Mkuu wa wilaya kama hiyo hawezi kukubishia hodi. Hutuma ujumbe mmoja kwa kompyuta, ukaingia kwenye simu zote kwa wakati mmoja. Sasa jiulize: ni namba gani iliyoandikwa kwenye faili la mwanao? Wengi wetu siku ya kumwandikisha mtoto hatukuwa hata na simu. Tuliandikiwa namba ya mfanyakazi wa shirika lililotupokea uwanja wa ndege, na huenda ndiye anayepokea habari za mtoto wako hadi leo, iwapo bado yuko kwenye kazi ile.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni namba. Kila ukibadilisha laini, shule ijue. Kila ukihama nyumba, shule ijue. Na ndani ya faili hilo hilo kuna orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Mjomba wake yumo? Jirani unayemwamini yumo? Siku ya dharura shule haitamkabidhi mtoto kwa mtu ambaye jina lake halimo, hata kama mtoto mwenyewe anamrukia na kumwita shangazi. Watamwomba pia kitambulisho chenye picha. Msiwalaumu, kwani ukali huo ndio unaomlinda mtoto asichukuliwe na mtu mwingine yeyote.

Jambo la pili ni lugha. Siku ya kuandikisha tulipewa fomu inayouliza ni lugha gani inazungumzwa nyumbani. Wapo waliojaza Kiingereza kwa kuogopa mtoto atarudishwa darasa la nyuma, na wilaya ikaamini, ikawa inawaletea Kiingereza. Wapo wanaozungumza Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge nyumbani lakini wanasoma Kiswahili. Hao waseme yote mawili: lugha ya mazungumzo na lugha ya kusoma. Na wapo wazee wetu ambao vita haikuwapa nafasi ya kukaa darasani. Kwao maandishi ya lugha yoyote ni kazi bure. Waombe wapigiwe simu na mkalimani. Hakuna aibu hapo, na fomu hiyo inaweza kurekebishwa hata leo.

Msidhani mnaomba hisani. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau v. Nichols iliyotokana na wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwamba haitoshi kuwapa watoto wote kitabu kilekile na mwalimu yuleyule, ikiwa wengine hawaelewi lugha inayofundishiwa. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler v. Doe iliyotoka Texas, mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali ya makaratasi yake ya uhamiaji. Kuomba mkalimani, basi, hakukufanyi msumbufu. Ni haki, na mkalimani ni juu ya shule kumtafuta na kumlipa.

Mkalimani huyo asiwe mtoto wako. Sote tunaujua mchezo huu. Mwalimu anaongea dakika tano, uso umekunjamana, halafu kijana anageuka na kusema, "Mama, anasema ninafanya vizuri." Au barua ya kumsimamisha masomo siku tatu inageuka kuwa habari kwamba shule imefungwa hadi Jumatatu. Tunacheka, lakini zipo siku ambazo si za kucheka: mtoto analazimika kumtafsiria mama yake maneno ya daktari kuhusu ugonjwa wa ndugu yake. Mzigo huo si wa mabega yake.

Jambo la tatu ni kuyajua matangazo ya dharura kabla ya siku ya dharura. Shule nyingi hutumia utaratibu wa matangazo matano ulioandaliwa na taasisi iitwayo I Love U Guys. Taasisi hiyo ilianzishwa na wazazi wa msichana aliyeuawa shuleni kwake Bailey, Colorado, mwaka 2006. Jina la taasisi limetokana na ujumbe wa simu ambao msichana huyo aliwaandikia wazazi wake siku hiyo. Matangazo yenyewe yatakujia kwa Kiingereza, kwa hiyo yakariri. "Hold" maana yake watoto wabaki darasani ili korido ziwe wazi. Huenda mwenzao ameanguka kifafa na wauguzi wanapita. "Secure" ni kwamba kuna jambo nje ya shule. Milango ya nje inafungwa, masomo ndani yanaendelea. "Lockdown" ndiyo nzito, kwani hatari iko ndani au karibu mno. Mlango wa darasa unafungwa, taa zinazimwa, watoto wanakaa kimya mahali wasipoonekana. "Evacuate" ni kutoka na kwenda mahali palipotajwa. "Shelter" ni kujikinga na kimbunga, tetemeko au hewa ya sumu.

Tazama pia kama ujumbe una neno "drill". Hilo ni zoezi tu, wala hakuna hatari. Lakini hata zoezi linaweza kumtonesha mtoto aliyezaliwa Kivu, au aliyesikia risasi njiani akiwa mgongoni kwa mama yake. Taa zikizimwa ghafla na mwalimu akisema nyamazeni, yeye hajui kuwa ni mchezo. Mwambie mwalimu historia hiyo kwa kadiri unavyotaka, na uombe uarifiwe siku moja kabla, ili jioni yake ukae na mwanao umweleze kitakachotokea.

Na likitangazwa la kweli, najua moyo utakavyokuambia: kamata ufunguo, endesha, fika. Nakusihi usiende. Magari ya wazazi yakijazana mlangoni, ambulansi na polisi hawapiti. Mlango hautafunguliwa hata kwako. Usimpigie mtoto simu, maana mlio wake unaweza kuonyesha alipojificha. Ngoja ujumbe wa wilaya utakaotaja mahali pa kuwapokea watoto, ambapo mara nyingi huwa pengine kabisa, kanisani au kwenye ukumbi wa karibu. Nenda huko na kitambulisho chako, jaza kadi utakayopewa, usubiri jina liitwe. Wakati huo huo, tafadhali, tusisambaze sauti za WhatsApp zinazoanza na "nimesikia". Vitisho vingi vinavyopigwa shuleni kwa simu hugundulika kuwa ni vya uongo, lakini hofu iliyosambazwa na kikundi cha wazazi hairudishiki tena.

Si kila ujumbe ni wa hatari, na huu wa kawaida ndio tunaoupuuza zaidi. Ile simu ya jioni yenye sauti ya mashine inakuambia mtoto hakuwapo darasani. Kama alikuwa mgonjwa, piga simu kueleza. Kama ulimwona akitoka asubuhi na begi, hiyo ni habari ya kukukosesha usingizi. Mwaka wa masomo una siku kama 180, na anayekosa 18 kati ya hizo huhesabiwa kuwa mtoro sugu, hata kama siku zile alikuwa akimlea mdogo wake ili wewe uende kazini. Barua ya muuguzi kuhusu chanjo nayo isikae kwenye droo. Surua iliwaka Texas mwaka 2025, na shule inaweza kumzuia nyumbani kwa siku 21 mtoto asiyechanjwa aliyekaa karibu na mgonjwa. Sisi wa Kongo hatuhitaji kuhubiriwa kuhusu surua. Wimbi lililoanza mwaka 2019 kule nyumbani liliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo.

Basi la shule nalo lina sheria zake. Taa nyekundu zikiwaka na kile kibao cha ubavuni kikifunguka, magari yote nyuma yake yasimame. Kwenye barabara ya kawaida, hata yanayokuja mbele husimama. Mfundishe mtoto avuke mbele ya basi, hatua kubwa tano mbali nalo, akimwona dereva na dereva akimwona. Na wilaya nyingi hazimshushi mtoto wa chekechea pasipo mtu mzima kituoni. Dereva humrudisha shuleni, na simu itakayofuata ni ya kukuita wewe.

Tahadhari moja zaidi. Shule haitakuomba namba yako ya Social Security wala pesa kwa ujumbe wa simu. Ukipata ujumbe wa hivyo, usibonyeze chochote. Piga namba ya ofisi ya shule uliyonayo, uulize.

Sasa nawageukia ninyi mliosoma, mliofundisha Bukavu, Uvira, Kigoma au Mombasa, mnaokisoma Kiingereza bila kupepesa. Ujumbe wa wilaya ukiingia, usisome peke yako. Rekodi sauti ya nusu dakika kwa Kiswahili chepesi, useme umetoka kwa nani na saa ngapi, uitume kwa majirani. Kama tafsiri ya mashine imeandika Kiswahili kisichoeleweka, iandikie ofisi uioneshe palipoharibika. Wilaya nyingi huajiri wakalimani wa malipo: ombeni kazi hizo. Na mikutano ya bodi ya shule huwa wazi kwa umma, mara nyingi jioni, na mwananchi hupewa dakika mbili tatu za kusema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku zetu mbili zimekwisha zamani. Wazazi kumi wanaozungumza Kiswahili wakiketi mstari wa mbele na mmoja wao akisimama kuomba ujumbe wa dharura utolewe kwa lugha yao, bodi itapaswa kusikiliza.

Wiki hii, kabla ya Ijumaa, piga simu ofisi ya shule. Huhitaji Kiingereza kirefu. Sema "Swahili interpreter, please", kisha usikate, hata kama kuna ukimya au muziki. Mkalimani akiingia, uliza matatu tu: namba yangu ni ipi kwenye faili, lugha yangu imeandikwa ipi, na nani wanaruhusiwa kumchukua mwanangu. Rekebisha kilichokosewa. Ukimaliza, mpigie mama mmoja ambaye hajui afanye nini, ukae naye sikioni hadi naye amalize.