Tusiwazike Wazee Pamoja na Vicheko Vyao



Kila mwaka kitabu chetu hiki kikitoka, kurasa ninazozifungua mwanzo ni zile za marehemu wetu. Huzisoma zote na kuwaombea dua. Lakini sina budi kusema kweli: marehemu wote katika kurasa zile wamefanana kama punje za karafuu. Kila mmoja alikuwa mcha Mungu, mpole, mwenye kuunga jamaa, akipendwa na wote. Mjukuu wangu mmoja alizisoma mwaka jana, kisha akaniuliza, "Babu, yupi katika hawa ndiye wetu?" Sikuweza kumlaumu. Ukilifunika jina kwa kidole, hujui nani ni nani.

Rai yangu ni hii: tunawaheshimu wazee wetu nusu tu. Tunaandika ibada yao, nasaba yao na mashamba yao, tukaacha furaha yao. Na hiyo furaha ndiyo iliyotulea.

Nitatoa mfano wa babu yangu mzaa mama, mtu wa Chake Chake. Alikuwa na shamba la mikarafuu na hakukosa sala ya jamaa. Haya yangelitosha kujaza ukurasa wake. Lakini waliomjua hawakumkumbuka kwa hayo. Walimkumbuka kwa kicheko.

Aliyelelewa Pemba anajua kazi ya kuchambua karafuu. Wachumaji wakisharudi, karafuu humwagwa juu ya jamvi, na usiku watoto hukaa kitako kutenga karafuu na makonyo. Vidole huuma na usingizi hushika. Baba akitusimamia, tulisinzia. Babu akija, hasinzii mtu. "Kitendawili!" "Tega!" Tukishindwa, adai mji. Tukimpa Wete, hukataa, ati alishapewa jana na umejaa watu. Tukimpa Mkoani, husema akisikia tu jina lake anapata kichefuchefu cha chombo. Lakini tukimpa Maskati, basi huipokea kwa mikono miwili, akajitawaza hapo hapo na kutugawia vyeo: huyu waziri, huyu liwali, na aliyefumba macho ni mpiga makasia. Mpaka tunakwenda kulala, jamvi limekwisha, wala hapana aliyekemewa. Watu wetu walianza kuja hapa kwa wingi baada ya 1970. Leo tunakaa katika mji ule ule aliokuwa akipewa kila usiku, na yeye hakuuona.

Katika mchezo wa ng'ombe, ule usemwao kwamba tumeurithi kwa Wareno, ambao ng'ombe hauawi bali huchezewa kwa nguo huku zumari zikilia, Babu hakukubali kukaa na watazamaji. Mwaka mmoja aliingia na mwavuli wake. Ng'ombe akautoboa. Babu akautembeza mwavuli ule mjini mwaka mzima, mvua ikimwingia kichwani, na kila aliyemuuliza alijibiwa, "Huu haukutoboka, umetiwa dirisha." Akitupeleka Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume, alituonyesha kisima kisemwacho kuwa kiligawiwa kwa ukuta ili wake wawili wasionane wakiteka maji. Akirudi nyumbani husema mbele ya Bibi, "Mimi nina mmoja tu, na ukuta nauhitaji." Bibi alikuwa wa kwanza kucheka.

Sasa, haya si upuuzi. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, na Bibi humwita wa kiume mume wangu, na kila mtu anafahamu maana yake. Baba ndiye mwenye fimbo, babu ndiye mwenye mzaha, na mtoto humwambia babu asilothubutu kumwambia baba. Mimi nilipotaka kusomea ualimu, na baba ananitaka dukani, nilimwambia Babu. Akalifikisha kwa mzaha mbele ya watu barazani, na baba akacheka kabla hajapata nafasi ya kukataa. Miaka yote niliyosomesha imetoka katika kicheko kile.

Najua wako watakaosema kwamba kutaja mizaha ya marehemu ni kumvunjia heshima. Hawa nawakumbusha tuliyosoma chuoni: Mtume (S.A.W.) mwenyewe akifanya mzaha, ila hakusema isipokuwa kweli. Kisa cha bibi kizee aliyeambiwa kwamba wazee hawaingii Peponi, kisha akaelezwa kuwa ataingia akiwa kijana, tunakijua sote. Mzaha si kejeli. Babu hakumcheka mtu kwa umasikini wala kwa kilema. Aliyemcheka zaidi ni nafsi yake.

Wengine watasema watoto wa hapa hawafahamu Kiswahili, na mzaha utawapita. Mimi naona ndipo penye maradhi yenyewe. Sisi Kiswahili tumekiweka kwa kukemea, kwa kuagizia maji, na kwa siri za wakubwa tusizotaka watoto wazisikie. Kucheka tumewaachia Kiarabu, Kiingereza na televisheni. Mtoto ataipenda vipi lugha ambayo hajapata kuchekeshwa kwayo hata siku moja? Kisha sisi mababu wa leo tunakaa kwenye kochi kwa haiba, mjukuu anatubusu mkono, anaondoka. Ametuheshimu, lakini hakutujua.

Basi naomba mambo mawili. La kwanza, kila nyumba, usiku mmoja katika wiki, mzee akae chini na wajukuu, atege vitendawili kwa Kiswahili na adai mji. Asione haya. La pili, atakayemwandika marehemu wake katika kitabu cha mwakani, baada ya kutaja ibada na nasaba yake, aongeze jambo moja lililomchekesha mtu yule, au alilowachekeshea wenziwe. Jambo moja tu, na liwe la kweli. Mjukuu atakayelisoma hatahitaji tena kuuliza yupi ndiye wake.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, na atupe sisi wajukuu wa kutucheka. Amin.