Hoteli Ndogo za Roma: Tuanze na Miguu ya Bibi



Wapendwa wanaparokia, juma hili familia moja ilitujia na picha za hoteli ndogo tatu za Roma, ikiomba tuisaidie kuchagua moja kwa ajili ya hija yake. Waliuliza: ipi iko karibu zaidi na Basilika ya Mtakatifu Petro, na ipi ina vyumba vizuri? Kwa maoni yetu, maswali hayo yana nafasi yake, lakini yapo jingine la kuyatangulia: ni nani kati yenu anayetembea kwa shida?

Tulijifunza hilo kwa uchungu. Katika safari moja tuliwachagulia mahujaji wetu hoteli ndogo iliyopendeza mno pichani. Tulipofika, tulikuta iko ghorofa ya nne ya jumba la kale lisilo na lifti. Mama mmoja mzee, aliyejiwekea akiba kwa miaka mingi, alizipanda ngazi jioni ile. Kesho yake magoti yakamkatalia. Alibaki dirishani akitupungia mkono tulipokuwa tukiondoka. Hakulalamika. Kimya chake kilituumiza kuliko lawama, maana uchaguzi ulikuwa wetu.

Hoteli ndogo nyingi za Roma ya kale hazina jumba zima. Hukodi ghorofa moja tu, na lifti, ikiwapo, huweza kuwa nyembamba mno. Barabara zimetandikwa vijiwe vyeusi vinavyoitwa sampietrini, ambavyo hutesa magurudumu ya masanduku na vifundo vya miguu. Katikati ya mji magari yasiyo na kibali huzuiwa kuingia kwa saa maalumu, kwa hiyo basi dogo la kukodi laweza kuwashusha mbali na mlango.

Mitaa nayo yatofautiana. Trastevere hupendeza, lakini haina kituo cha treni ya chini ya ardhi, na kelele zake za usiku hukawia kutulia. Monti iko jirani na Basilika ya Maria Mkuu, alimozikwa Papa Fransisko mwaka 2025, ila ina miinuko. Prati, uliojengwa baada ya 1870, hauna haiba ya kale, bali una barabara pana, tambarare, na kituo cha Ottaviano, mwendo mfupi hadi Vatikani. Kwa familia yenye mzee, sisi tungechagua Prati.

Wapo watakaosema kwamba vijana watanyimwa uzuri wa mji wa kale kwa ajili ya mtu mmoja. Hatukubaliani nao. Kijana aweza kuufuata uzuri huo kwa miguu yake. Bibi hawezi kuziondoa ngazi.

Basi, kabla ya kulipa, iandikieni hoteli mkiuliza: Je, lifti inafika hadi chumbani, au kuna ngazi kabla yake? Mapokezi hufungwa saa ngapi? Kodi ya jiji, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, imo katika bei? Watoto walio chini ya miaka 10 hawatozwi. Mkiwaza nyumba za watawa, ulizeni pia saa ya kufunga lango.

Hija ni ya wote walioianza pamoja. Asibaki mtu dirishani.