Muziki wa dansi si wa miguu pekee

Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba muziki wa dansi ni wa kutingisha mwili tu, na kwamba anayetaka kutafakari na atafute kitabu. Sikubaliani nao hata kidogo, na hivi majuzi nilipata sababu ya kulisema jambo hili hadharani.

Katika karamu ya kumuaga mwenzetu aliyekuwa akistaafu, nilimwomba kijana aliyesimamia muziki atupigie "Black and Tan Fantasy" wa Duke Ellington, kwa kuwa mstaafu huyo ni mpenzi wa jazi ya zamani. Kijana alikubali, lakini aliuongeza kasi ili watu wachangamke, kisha akaukata kabla haujaisha. Nilipomuuliza sababu, alinijibu: "Mzee, mwisho wake ni wa matanga. Ungeharibu sherehe."

Kuhusu matanga hakukosea. Alichokosea ni kudhani kwamba wimbo unabaki ule ule matanga hayo yakiondolewa.

Ellington aliutunga pamoja na mpiga tarumbeta wake, Bubber Miley, na bendi yao, ambayo riziki yake ilikuwa kuwachezesha watu katika vilabu vya New York, iliurekodi zaidi ya mara moja mwaka wa 1927. Ninaoupenda zaidi ni ule uliorekodiwa tarehe 26 Oktoba kwa kampuni ya Victor. Unaanza katika ufunguo wa B-flati ndogo, ngazi ya sauti inayobeba huzuni, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Tarumbeta na tromboni ya Joe Nanton zinalia pamoja kwa sauti iliyobanwa, mithili ya wazee wawili wanaonong'onezana msibani. Kisha saksafoni inaingia kwa ngazi kubwa, tamu na laini, na ukumbi unang'aa. Miley anaingurumisha tarumbeta kwa kuiziba mdomo kwa kipira cha kuzibulia sinki. Nanton anaifanya tromboni ilie kama farasi, nawe unacheka. Ghafla ngazi ndogo inarejea, na bendi inafunga kwa wimbo wa mazishi wa Chopin.

Msomaji na azingatie jambo moja. Chopin naye aliuandika wimbo wake wa mazishi katika ufunguo uo huo wa B-flati ndogo. Kwa hiyo mazishi hayakubandikwa mwishoni kama kiraka. Yalikuwa yakisubiri mlangoni tangu sauti ya kwanza. Ukiongeza kasi, mwendo wa jeneza unageuka mbio. Ukikata mwisho, umeacha kicheko bila kujua kilikuwa kikificha nini.

Na kulikuwa na la kuficha. "Black and tan" lilikuwa jina la vilabu ambamo Weusi na Weupe wa Marekani waliweza kuketi pamoja, wakati ubaguzi ukitawala nje. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo wa 1927, Ellington alianza kazi katika Cotton Club, ambako wasanii walikuwa Weusi na wateja Weupe. Kwa maoni yangu, anayejua hayo hawezi kushangaa kwamba furaha ya dansi hii inaishia kaburini.

Ndiposa nawasihi wanaotupigia muziki: mwendo, ufunguo na mwisho wa wimbo ni kauli ya mtunzi. Msivichezee kwa kuhofia kwamba wachezaji wataketi. Wakiketi, huenda wameanza kusikiliza.

Mzee wetu usiku ule alicheka sana, lakini nilimwona akigeuka kando kupangusa macho. Alikuwa akisherehekea na kuagana kwa wakati mmoja. Wimbo wa dakika tatu ungemsemea yote mawili, nasi tukamnyima nusu yake.