Mahindi yamesimama kukua, tuweke urea?

Mvua ikikatika wiki mbili hapa Karatu, swali linalotufikia zaidi ni hili: mahindi yamedumaa, tuweke urea? Tangu serikali iliporejesha ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/2023 bei ya mfuko imeshuka, lakini bado ni fedha ya mtu. Jibu letu ni: subiri udongo ulowe.

Sababu iko ndani ya mmea wenyewe. Mmea hukua kwa kutengeneza protini, na kazi hiyo hufanyika kwenye viwanda vidogo mno ndani ya seli, vinavyoitwa ribosomu. Ni kazi inayokula nguvu nyingi, kwa hiyo mmea hauiachi iendelee ovyo. Una swichi ambayo wanasayansi huiita TOR. Majani yakipata jua na kutengeneza sukari, na chakula kikiwepo udongoni, TOR huruhusu viwanda vifanye kazi na majani mapya hutoka. Mizizi ikikosa maji, mmea hutoa homoni ya ukame inayoibana TOR. Protini za kukuzia hupungua, zile za kujikinga huendelea.

Basi hindi lililosimama kule Rhotia au Mbulumbulu huenda halijafa. Limefunga mkanda, kama mama anayepunguza unga wa ugali akiona gunia linaisha.

Urea huleta naitrojeni, ambayo ni malighafi ya protini. Juu ya udongo mkavu haifiki kwenye mizizi, na ikipata umande tu sehemu yake huruka hewani. Hata ingefika, viwanda vimepunguza kazi. Mvua ikirudi na udongo ukalowa, iweke pembeni ya shina, uifukie.

Nyasi nazo zina swichi hiyohiyo. Ng'ombe wakizirudia zikiwa zimesimama, huchelewa sana kuchipua. Wafugaji wa Hifadhi ya Ngorongoro, ambako kulima hakuruhusiwi, hubanwa mara mbili: malisho hupungua, na mahindi ya kununua hupanda bei mashamba ya huku yakikosa.

Kuna ukame mmoja ambao mahindi hayausamehe: ule unaoyakuta yanatoa mbelewele. Punje zisiposhika siku hizo, mvua ya baadaye haizirudishi, wala urea. Shamba la namna hiyo tungelikata likiwa bado bichi, liwe chakula cha mifugo.